Mlimani, Mzumbe au Chuo Huria: mwajiri wa mwanasheria anaangalia nini hasa?

"Assalamu alaykum wakili. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL: Historia B, Jiografia C, Kiingereza C. Tangu yuko kidato cha pili anasema atasoma sheria. Mjomba wake aliyeko Dar anashikilia kwamba kama si Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bora aachane na sheria kabisa, maana waajiri wakiona jina la chuo kingine wanaweka faili pembeni. Mimi nauza vitenge Ngamiani, baba yake alishatangulia mbele ya haki. Nina kiwanja Pongwe, nawaza kukiuza asome Dar bila shida. Wengine wananiambia asome Chuo Huria hapa hapa Tanga, au aanzie chuo cha mahakama Lushoto. Jina la chuo lina uzito gani kwa mwajiri? Na nikiuza kiwanja nitakuwa nimefanya sawa?"

Waalaykumu salaam mama. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yake, na hongera kwa kumfikisha binti hapo ulipomfikisha.

Umeuliza mambo mawili na nitayajibu yote kwa uwazi. Jina la chuo lina uzito, lakini uzito huo upo kwenye milango michache, na zaidi ni kwa ajira ya kwanza. Kiwanja usikiuze kwa ajili ya jina. Ikifika siku ya kukiuza, iwe kwa ajili ya mwaka mmoja ambao mjomba hakuutaja kabisa, nao ndio unaoamua nani anakuwa wakili katika nchi hii. Nitaufikia.

Kwanza tumtendee haki mjomba. Hakuyatoa maneno yake hewani. Masomo ya sheria ya chuo kikuu yalianza Dar es Salaam mwaka 1961, na sheria ndiyo iliyokuwa fani ya kwanza ya chuo kile kabla hata ya nyingine kuanzishwa. Kwa miaka mingi, mtu aliyetaka shahada ya sheria bila kutoka Tanzania Bara hakuwa na pengine pa kwenda. Hivyo majaji wengi wa zamani, mawakili wakongwe na wakuu wa idara za sheria walipita Mlimani, na mtu aliyekulia kazini miaka hiyo aliona kila aliye juu ametoka pale. Kuanzia miaka ya 1990 mambo yakabadilika: Chuo Huria, Mzumbe, Iringa, Mtakatifu Augustino Mwanza, Makumira, Ruaha, Dodoma na vingine vikaanza kutoa shahada hiyo hiyo. Leo mezani kwa mwajiri yanakaa majina mengi, na wengi wa wanaoajiri wenyewe wametoka vyuo hivyo vipya. Mjomba anasema kilichokuwa kweli wakati wake.

Sasa nieleze njia yenyewe ilivyo, maana hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Shahada ya sheria haimfanyi mtu kuwa wakili. Akimaliza chuo, iwe Mlimani au kwingine kokote, bado hawezi kusimama mahakamani kumtetea mteja wala kutia sahihi nyaraka za mashauri kama wakili. Inambidi aende Law School, ile taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo iliyoko Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kupokea wanafunzi kuanzia 2008. Anasoma darasani, kisha anapelekwa mahakamani na kwenye ofisi za mawakili kujifunza kazi kwa mikono yake. Akifaulu, anapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, anapita kwenye usaili wa Baraza la Elimu ya Sheria, anaapishwa, na jina lake linaingizwa kwenye orodha ya mawakili. Katika mlolongo wote huo hakuna hatua inayomwambia wa Mlimani apite huku na wa Mwanza apite kule.

Law School ndiyo chujio, na ndiyo ule mwaka mmoja niliokutajia. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo ya kundi moja yalipotoka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Nakutajia takwimu hizo nikiwa na maana, mama. Watu wale 633 wote walikuwa na shahada mkononi, kutoka vyuo mbalimbali vya nchi. Shahada ya chuo chenye jina iliwafikisha mlangoni, ikaishia hapo.

Tuje kwa waajiri. Serikali ndiyo mwajiri mkubwa wa wanasheria, na utaratibu wake unajulikana. Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira la nafasi ya Wakili wa Serikali: linataka shahada ya sheria kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, na awe amehitimu Law School. Maneno ni hayo, "kinachotambuliwa". Waombaji wenye sifa wanaitwa kwenye mtihani wa mchujo wa kuandika, wanaofaulu wanaendelea na usaili wa ana kwa ana. Anayekosa maksi za kuandika haokolewi na jina la chuo, na anayezipata haulizwi alisomea wapi ili apunguziwe. Wale waliofaulu nafasi zikawa zimejaa, majina yao huhifadhiwa kwenye kanzidata wakisubiri nafasi nyingine. Mahakama nayo ina Tume yake ya Utumishi, na hakimu mkazi anatafutwa kwa sifa hizo hizo za shahada na Law School. Kwa Tanga peke yake kuna halmashauri 11, kila moja na kitengo chake cha sheria, ukiacha bandari, mamlaka ya mapato, mabenki, na shughuli zote zinazokuja na bomba la mafuta la kilomita 1,443 linaloishia Chongoleani.

Mwajiri wa pili ni ofisi ya wakili binafsi, zile ofisi za mawakili wawili watatu unazoziona karibu na mahakama. Hapa ndipo ningependa mjomba akae aone usaili unavyokwenda. Wakili mwenye ofisi hana muda wa kubishana kuhusu vyuo. Anamwekea kijana mkasa mezani: mfanyabiashara wa Makorora alimkopesha mwenzake shilingi milioni 60 kwa maandishi, akalipwa milioni 18, tarehe ya mwisho ya kulipa imepita, mdaiwa anapiga chenga. Andika hati ya madai, una saa moja.

Anachokiangalia baada ya hiyo saa kimeandikwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 7, Kanuni ya 1. Mahakama imetajwa jina? Wadaawa, yaani mdai na mdaiwa, wameelezwa na wanakoishi? Deni lilianza kudaiwa lini? Hilo la tarehe si pambo, kwa sababu madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita na mahakama lazima ione kwamba muda haujapita. Je, kuna aya inayoonyesha kwamba mahakama hiyo ina mamlaka? Thamani ya kinachodaiwa imetajwa? Kijana asiyeandaliwa vizuri anadai milioni 60 badala ya 42. Au anapeleka Mahakama Kuu shauri la kuanzia Mahakama ya Wilaya. Au anajaza hoja za kisheria na kesi alizokariri, wakati hati ya madai ni mahali pa kueleza matukio. Wengi wanasahau uthibitisho mwishoni, pale mdai anapotamka yapi anayajua mwenyewe na yapi ameambiwa. Kwenye hati ya kiapo ni hivyo hivyo: anayeapisha asipotaja mahali na tarehe ya kiapo, kama sheria ya waapishaji, Sura ya 12, inavyotaka, mpinzani anaweka pingamizi na hati nzima inaweza kutupwa. Mteja hapo analipia kosa la mwanasheria wake. Ndiyo maana mwenye ofisi anampa kazi aliyeandika hati safi, hata kama chuo chake hajawahi kukisikia.

Kuna mahali mjomba yuko sahihi, na sitalificha hilo. Ofisi kubwa za mawakili za Dar es Salaam, zinazofanya kazi za kampuni, mabenki, madini na gesi, hupokea maombi mengi kuliko nafasi. Kupunguza rundo, baadhi huanza na vyuo wanavyovijua. Tena wengi wa wanaoingia hawaingii kwa barua ya maombi: waliwahi kufanya fildi, yaani mafunzo ya kazi, pale wakiwa mwaka wa pili au wa tatu, wakaonekana. Mwanafunzi aliyeko Dar anapanda daladala kwenda kuomba, anahudhuria kesi Mahakama ya Rufani asubuhi na mchana yuko darasani. Mtu wa mbali lazima apange nauli na pa kulala. Vilevile akitaka baadaye kusoma shahada ya uzamili Ulaya au Marekani kwa ufadhili, chuo kinachojulikana nje kinamsaidia kidogo, japo huko nako alama zake na uzoefu wa kazi vinapimwa. Na akitaka kufundisha chuo kikuu, kinachombana zaidi ni GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo: matangazo ya nafasi za wahadhiri wasaidizi wa ngazi ya kuanzia kwa kawaida huomba 3.8 na zaidi.

Hiyo GPA tuikazie, maana ndiyo inayobaki kwenye karatasi maisha yake yote. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7. Kwa maoni yangu binti mwenye 3.9 ya Mzumbe au Iringa, aliyeshiriki mashindano ya mahakama ya mfano na kufanya fildi mbili za maana, ana nafasi kubwa kuliko mwenye 2.8 ya Mlimani aliyekaa nyuma ya ukumbi miaka yote bila mhadhiri kumjua jina.

Jambo ambalo lingenihangaisha mimi kama ningekuwa mzazi wake ni lile C la Kiingereza. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na hilo ni jambo jema sana kwa wananchi wetu. Lakini vyuo vinaendelea kufundisha sheria kwa Kiingereza, vitabu na hukumu nyingi za miaka ya nyuma ni za Kiingereza, na mikataba ya benki na bandari vilevile. Mwanafunzi anayesoma hukumu ya kurasa 20 bila kujua hoja iliyoshinda ni ipi anaishia kukariri, na mtihani wa Law School hauna rehema kwa waliokariri. C si mbaya, ni mwanzo mzuri, ila isiachwe ilivyo. Miezi hii kabla ya kufungua chuo inatosha kumweka sawa, na haigharimu hata senti tano. Aingie kwenye TanzLII, hazina ya hukumu ya Mahakama ambayo ni bure kwenye simu, achague hukumu mbili za Mahakama ya Rufani kila wiki. Kwa kila moja aandike ukurasa mmoja kwa maneno yake: nini kilitokea, mahakama iliulizwa nini, ilijibu nini, na kwa sababu gani. Wiki za mwanzo atalia. Avumilie, baada ya miezi michache atashangaa mwenyewe.

Sasa achague wapi? Kwa alama zake, Historia B na Kiingereza C, aombe Mlimani, Mzumbe, Dodoma na angalau chuo kimoja cha binafsi alichokichunguza. Maombi yanakwenda moja kwa moja kwa chuo husika, kwa awamu, na akichaguliwa na zaidi ya kimoja atatakiwa kuthibitisha kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Wengi hupoteza nafasi hapo kwa kuchelewa kuthibitisha. Akipata Mlimani na mkopo, aende bila kusita. Akikosa, asikae nyumbani mwaka mzima akisubiri jina. Kabla ya kuthibitisha chuo chochote, angalieni kwenye orodha ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ya mwaka huo kwamba chuo na shahada yake ya sheria vyote vimeruhusiwa kudahili, maana chuo kinaweza kuwa na kibali huku kozi moja imesimamishwa. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale, muulizeni mambo mawili: kazi za kuandika zinarudishwa na masahihisho au maksi tupu? Na kuna kituo cha msaada wa kisheria au mahakama ya mfano inayofanya kazi kweli? Majibu ya maswali hayo mawili yatawafaa kuliko kipeperushi cha rangi. Muulize pia urefu wa kozi, miaka mitatu au minne, kwani mwaka mmoja wa ziada ni ada, chakula na kodi ya chumba.

Chuo Huria ni chuo halali, na uvumi kwamba wahitimu wake hawaruhusiwi kuwa mawakili hauna msingi wowote. Wapo wengi kazini. Tatizo liko kwenye umri. Mfumo wake umewekwa kwa mtu anayejisimamia: anasoma mwenyewe na kufanya mitihani kituoni. Mtu mzima mwenye kazi yake anaumudu. Binti wa miaka 19 aliyezoea kengele ya shule, akiwa nyumbani anasaidia duka na kuchota maji, mara nyingi anajikuta miaka inapita mitihani haijaisha. Akienda huko iwe kwa sababu pesa imekataa kabisa, na wewe mama umpangie saa zake za kusoma uzilinde kama unavyolinda duka.

Lushoto, Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kina sifa nzuri na mahakama zetu zimejaa watu waliopita pale. Cheti mwaka mmoja, stashahada miwili. Kinamfaa aliyekosa alama za kuingia chuo kikuu, au anayetaka kazi ya mahakama mapema. Binti yako alama anazo. Kwenda Lushoto kwanza kutamwongezea miaka kabla ya Law School bila sababu.

Sasa kiwanja. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unatolewa kwa wanafunzi wa vyuo vya umma na vya binafsi vilivyoidhinishwa, na yatima aliyefiwa na mzazi mmoja huonyesha hali yake kwa cheti cha kifo. Ombeni huo kwanza. Ukiuza kiwanja mwaka wa kwanza, pesa ile itakwenda kwenye chumba, nauli na chakula cha Dar, na siku ya kuingia Law School hutakuwa na kitu. Huko kuna ada yake, kuishi Dar, na kipindi cha mafunzo kwa vitendo ambacho mara nyingi hakina malipo. Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwapa mkopo hata wanafunzi wa Law School, hivyo usomeni mwongozo wa mwaka husika wakati ukifika. Wapo vijana wengi wazuri waliokwama hapo, shahada wanayo, mwaka huo mmoja umewashinda kwa pesa. Kiwanja cha Pongwe kikae kama akiba ya mwaka huo.

Na wakati wa likizo ndefu arudi nyumbani afanye fildi hapa. Mahakama Kuu Kanda ya Tanga iko mjini, pamoja na mahakama za chini, baraza la ardhi na ofisi za mashtaka. Barua ya kuomba ipelekwe miezi mitatu kabla. Mwanafunzi mmoja kwenye ofisi ndogo ya Tanga anashika majalada kwa mikono yake, anaona shauri linavyosajiliwa kwenye mfumo wa mtandao wa Mahakama, anamsindikiza wakili hadi ndani. Kwenye ofisi kubwa ya Dar wanafunzi kumi wanaweza kupangiwa kunakili nyaraka mwezi mzima.

Yapo mambo ambayo hayamalizwi kwa maandishi, na moja hulipuka baadaye bila taarifa: majina. Chukua cheti cha kuzaliwa cha binti, cha kidato cha nne na cha sita, na kitambulisho cha NIDA kama anacho, uviweke kitandani sambamba. Kama kimoja kinasema Mwanaidi na kingine Mwanahidi, au jina la babu lipo hapa na halipo pale, msiendelee na maombi kwanza. Nendeni kwa wakili ana kwa ana mkiwa na vyeti halisi, awaambie kama hati ya kiapo inatosha au inahitajika hati ya kubadili jina. Tofauti hiyo ya herufi moja inaweza kukwamisha mkopo, usaili wa Serikali, na hata maombi yake ya uwakili kwa Jaji Mkuu. Vilevile cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha baba yake vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa, kwa sababu likishafunguliwa maombi ya uhakiki huwa mengi na siku za kuambatanisha ni chache.